Shajara ya mradi: majaribio ya toleo yanabebwa na nani

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Leo nimekabidhiwa kazi niliyokuwa naitamani kwa muda mrefu: kuandaa taarifa ya kila toleo jipya la programu yetu, itakayoonyesha majaribio ya mfumo wetu yanafanywa na nani, kwa kiasi gani, na yanakwamia wapi. Mfumo wenyewe ni wa vyama vya akiba na mikopo. Mwanachama anaweka akiba, ananunua hisa, analipa rejesho na kuomba mkopo kwa simu yake, na mhasibu wa SACCOS anafunga vitabu vya mwezi humo humo. Tukikosea, tunakosea kwenye fedha za mwalimu, za muuguzi, za mama anayeuza samaki Feri. Ndiyo maana hakuna kitu kinachotoka hapa ofisini kwetu Kijitonyama bila kujaribiwa na mtu mwingine, si yule aliyeandika msimbo.

Tatizo kila mtu analiona. Siku za mwisho kabla ya toleo, waandishi wa programu wanakuwa wameshahamia kazi za toleo linalofuata, na dada wetu wa majaribio bado yuko mezani usiku, simu zimemzunguka. Kiongozi wa timu anataka tuajiri testa wa pili. Mkurugenzi anauliza swali la haki kabisa: huyo wa pili atafanya nini, ikiwa wa kwanza anaonekana amefunga tiketi, yaani kazi moja moja zilizoandikishwa kwenye mfumo, chache kuliko watu wote? Wote wawili wanatazama mfumo ule ule wa tiketi, na kila mmoja anatoka na jibu lake.

Sharti nililojiwekea ni hili: kila namba itakayoingia kwenye taarifa, mwenye jina aweze kuibofya na kuona imetokana na tiketi zipi. Namba ambayo mtu hawezi kuikagua haitaingia.

Jumanne

Nimeshinda ndani ya mfumo wa tiketi. Ubao wetu una safu tano: Inasubiri, Inaandikwa, Inapitiwa, Inajaribiwa, Imekamilika. Kila tiketi ina mwenyewe mmoja, na mwenyewe ni aliyeandika msimbo. Tiketi ikiingia safu ya majaribio, jina linabaki lile lile. Ikifungwa, inahesabiwa kwa mwandishi. Maana yake ripoti inayosomwa kwenye kikao cha mwezi haijawahi kuhesabu majaribio hata siku moja. Imekuwa ikihesabu uandishi, nasi tukaichukulia kuwa ni kazi ya timu nzima.

Historia ya tiketi inasaidia kidogo, kwa kuwa anayehamisha tiketi kutoka Inajaribiwa kwenda Imekamilika anabaki na jina lake na saa aliyohamisha. Lakini kuhamisha si kujaribu. Kiongozi wa timu huhamisha tiketi nyingi Ijumaa jioni kwa sababu ameambiwa kwa mdomo kwamba ziko sawa. Tukihesabu hivyo, kiongozi ndiye atakayeonekana testa mkuu wa kampuni.

Njia niliyoichagua nimeiazima kwa wanaotengeneza kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta. Kwao badiliko likikubaliwa, chini ya maelezo yake kunakuwa na mistari ya majina: aliyeliandika, aliyelipitia, aliyeripoti hitilafu, na mstari wa Tested-by kwa aliyelijaribu. Mstari huo ni heshima na ni ushahidi. Anayeweka jina lake anasema, nimeliendesha badiliko hili kwenye mashine yangu na limefanya kazi. Tovuti ya LWN, inayoandika habari za Linux, huchapisha takwimu za matoleo ya kiini, na humo wanaojaribu wana orodha yao kando ya waandishi. Mradi mkubwa vile, wenye wachangiaji dunia nzima, umeona inafaa kumtaja kwa jina aliyekaa chini akajaribu. Sisi tuko saba tu, hatuna kisingizio.

Git, programu inayotunza msimbo na historia ya mabadiliko yake, yenyewe imejua kuhesabu mistari ya namna hii tangu toleo la 2.29 la mwaka 2020. Amri ni fupi:

git shortlog -s --group=trailer:tested-by

Kuanzia kesho, ombi la kuunganisha msimbo ambalo halina mstari huo halipiti. Na jina la mwandishi wa badiliko halikubaliki kwenye mstari wa aliyejaribu, seva italirudisha. Kaka wa malipo ameuliza kama majina mawili yanaruhusiwa. Yanaruhusiwa, na kwenye malipo ningependa kuyaona mawili kila mara.

Alhamisi

Jedwali la kwanza limepatikana. Kwa toleo lililopita mistari ya majina haikuwepo, kwa hiyo nimesoma maoni ya tiketi moja baada ya nyingine, nikichukua tu zile ambazo mtu ameandika wazi alichokijaribu na alichokiona. Zaidi ya nusu ya majaribio yana jina moja, la dada. Sehemu kubwa ya yaliyobaki ni ya kaka wa seva. Sisi wengine tumegawana makombo.

Hata hivyo siwezi kupeleka jedwali hili lilivyo, kwa sababu idadi ya tiketi inajumlisha vitu visivyolingana. Kuna tiketi moja imenishika nusu ya siku nikiisoma.

Tiketi yenyewe ilikuwa ndogo: ujumbe wa kuthibitisha akiba umtaje mwanachama kwa jina. Kuiandika ni mstari mmoja wa msimbo. Dada akaijaribu kwa majina ya kawaida, ujumbe ukafika. Kisha akasajili mwanachama wa majaribio mwenye jina la ukoo la Kisukuma, lenye ng' mwanzoni, na akaliandika kwa kutumia simu badala ya kompyuta, kwa sababu ndivyo maofisa wa vyama wanavyosajili watu vijijini. Ujumbe ukafika vilevile, ukasomeka vizuri, hauna kasoro. Ila dada ana tabia ya kutazama salio la SMS kabla na baada, na salio lilikuwa limeshuka mara mbili.

Ujumbe wa simu unaotumia herufi za GSM, orodha fupi ya herufi za kawaida za mitandao ya simu, una nafasi ya herufi 160. Ritifaa iliyonyooka, yaani ile alama ya ' kwenye ng', imo kwenye orodha ya herufi hizo. Ile iliyopinda, ambayo baadhi ya kibodi za simu huiweka zenyewe, haimo. Ikitokea hata mara moja, ujumbe wote unahamia Unicode, mpangilio wenye herufi za lugha zote, na nafasi inashuka hadi herufi 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67, na kila kipande kinalipiwa. Ujumbe wetu una herufi mia na ushei. Kwa hiyo kila mwanachama mwenye ritifaa iliyopinda kwenye jina lake angekigharimu chama chake SMS mbili kila anapoweka akiba, mwaka hadi mwaka, na hakuna ambaye angejua. Kwa chama cha Shinyanga au Mwanza, hao ni watu wengi.

Kuthibitisha hilo kulimchukua dada kutwa nzima, simu kwa simu, kibodi kwa kibodi. Marekebisho yalikuwa kuibadilisha ritifaa kabla ya kutuma. Kwenye jedwali langu kazi hiyo ni 1. Tiketi ya kubadilisha rangi ya kitufe nayo ni 1.

Nimeongeza sehemu ya saa za majaribio kwenye kila tiketi, anaijaza aliyejaribu, kwa kukadiria nusu saa nusu saa. Siyo saa ya ukutani, na sitaki iwe hivyo. Inatosha kututenganishia kazi ya kutwa na kazi ya dakika kumi.

Ijumaa

Mwenzetu mmoja amependekeza tutumie namba moja tu juu ya ukurasa: kipimo cha Gini, alichokiweka Mwitalia Corrado Gini mwaka 1912, ambacho wachumi hupimia pengo la kipato. Sifuri ni wote sawa, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mzigo unavyomwelemea mmoja. Nimekijaribu na nimekiacha. Kwa watu saba, hata mmoja akibeba majaribio yote peke yake, kipimo hakifiki 1. Kinaishia 6 kwa 7, kama 0.86, na msomaji asiyejua hilo ataona kuna nafuu. Tena namba hiyo haimtaji mtu wala sababu. Timu ya watu saba inaweza kusoma majina saba. Juu ya ukurasa nitaweka sehemu ya anayebeba zaidi, kwa saa, na chini yake majina yote.

Wiki ya pili, Jumatatu

Leo sikugusa jedwali. Nimekaa na dada wa majaribio mezani kwake, na kazi yangu imebadilika sura.

Droo ya pili ya meza yake imejaa simu. Kuna vitochi, kuna itel ya bei nafuu, Tecno, Infinix, na iPhone ya zamani yenye ufa kwenye kona ya kioo. Nyuma ya kila moja kuna kipande cha plasta kilichoandikwa mtandao kwa kalamu ya wino: M-Pesa, Mixx, Airtel, Halo, T-Pesa. Mazingira ya majaribio ya mitandao tunayatumia kila siku, lakini asubuhi ya toleo tunataka kuona shilingi halisi ikitoka kwenye simu halisi na kuingia kwenye akaunti ya chama. Jaribio hilo, la shilingi 1,000 kwa kila mtandao, hajawahi kulifanya mtu mwingine. Nikamuuliza kwa nini.

"Kaka, laini zote hizi zimesajiliwa kwa kidole changu," akanijibu. "Nilipoanza kazi niliambiwa nikanunue laini, nikaenda na kitambulisho changu cha NIDA. Namba za siri ni zangu. Nikimpa mtu namba ya siri, pesa iko kwa jina langu, likitokea la kutokea nitaulizwa mimi."

"Na siku ukiumwa?"

"Siku ile niliyolazwa si toleo lilisogezwa? Mliambiwa seva haijawa tayari."

Nilikuwa sijui. Seva ilikuwa tayari. Iliyokosekana ni alama ya kidole.

Na dada yuko sahihi. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uwe wa lazima, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa Januari 2020, laini imekuwa kitu cha mtu kama kilivyo kitambulisho chake. Ofisi ilizichukulia laini zile kama kompyuta na viti. Kwenye kumbukumbu za mitandao ni zake. Tukiajiri matesta kumi kesho asubuhi, jaribio la malipo halisi litaendelea kumfuata yeye.

Niliporudi mezani kwangu nimeongeza safu mbili kwenye jedwali. Ya kwanza inasema jaribio hili linahitaji nini. Ya pili inasema ni wangapi kati yetu walio nacho. Tumezijaza pamoja na dada hadi jioni.

Malipo halisi: laini tano na namba zake za siri. Mtu mmoja.

Ripoti za mwisho wa mwezi: nakala ya hifadhidata yenye taarifa halisi za wanachama. Mtu mmoja tena, na ni yeye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, tulifunga ruhusa ya nakala hiyo, jambo ambalo lilikuwa sahihi kabisa. Hatukutengeneza nakala mbadala.

Kufunga vitabu: ujuzi wa uhasibu wa SACCOS, kujua hisa haziguswi kama akiba, kujua rejesho linakula riba kwanza au mtaji kwanza kwa masharti ya chama kipi. Watu wawili. Mmoja ni dada. Wa pili ni binti wa huduma kwa wateja aliyewahi kuwa karani wa SACCOS kabla ya kuja kwetu, na hayumo kabisa kwenye orodha ya timu yangu. Nimekuta jina lake kwenye maoni ya tiketi, anaulizwa, anajibu, anajaribu, anarudi kwenye simu za wateja.

Menyu ya USSD, ile ya kupiga nyota na namba: kitochi. Wote tunaweza. Skrini za kawaida: kompyuta yoyote. Wote tunaweza.

Taarifa niliyokuwa naiandaa ilikuwa inauliza nani anafanya. Sasa inauliza nani anaweza. Pale ambapo wote tunaweza, mzigo umetawanyika vizuri tu, hakuna anayekwepa. Unarundikana pale ambapo kitu kinachohitajika kiko kwa mtu mmoja. Kumwambia mwandishi ajitolee zaidi hakusaidii kitu ikiwa hana laini, hana nakala ya data, na hajui hisa ni nini.

Jumatano

Kikao na kiongozi wa timu. Hakuhitaji kushawishiwa, alisoma safu ya "wangapi wanacho", akakaa kimya, akaomba orodha ya nyaraka. Laini mpya zitasajiliwa kwa jina la kampuni, na namba za siri zitakaa mahali ambapo watu watatu wataingia kwa majina yao, kila muamala ukiandikwa. Kaka wa seva anaanza leo kutengeneza wanachama wa kubuni kwa ajili ya ripoti: majina ya kubuni, miamala ya kubuni, lakini mikopo iliyochelewa, marejesho ya nusu nusu na wadhamini waliohama, kama ilivyo kwenye maisha. Nimeomba majina yenye ritifaa yasisahaulike.

Mchana tumeugeukia wingi wa majaribio yenyewe. Malipo yanapitia mitandao mitano. Mtu anaingia kwa njia nne: menyu ya USSD, Android ya bei nafuu, Android mpya, iPhone. Muamala ni wa aina tatu: akiba, rejesho, kutoa. Lugha ni mbili. Tano mara nne mara tatu mara mbili ni 120, na dada alikuwa akijaribu kuzifikia zote, anaishia zinapoishia nguvu.

Kuna njia inayojulikana sana kwa wanaojaribu programu, ya kuhakikisha kila jozi inakutana angalau mara moja badala ya kila mchanganyiko kamili. Hitilafu nyingi hutokana na vitu viwili kukutana vibaya, mtandao fulani na aina fulani ya simu, lugha fulani na muamala fulani. Mitandao mitano na njia nne za kuingia zinadai majaribio 20 kwa uchache, na aina za miamala na lugha zinaweza kupangwa ndani ya hayo hayo 20 bila kuongeza hata moja. Nimelipanga kwa mkono na dada akalikagua jozi kwa jozi. Kutoka 120 hadi 20. Haimaanishi 100 zilikuwa za bure; hitilafu inayohitaji vitu vitatu kukutana inaweza kutupita. Kwa hiyo rejesho tumeliacha na majaribio ya ziada, maana ndiko riba inakohesabiwa.

Jedwali hilo la 20 tumelibandika wazi, kwa mfano wa watu wa Fedora, mradi wa mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux. Wao kabla ya kila toleo huweka majedwali ya majaribio hadharani, na aliyefanya jaribio anaandika jina lake na matokeo kwenye seli. Ninachokipenda pale ni seli tupu. Seli yenye jina inakuambia nani kafanya kazi, na tupu inakuonyesha toleo linakoweza kupasukia, bila kumlaumu yeyote.

Ijumaa

Mkurugenzi amesoma rasimu na kuipenda, kisha akaomba jambo: safu ya saa iingie kwenye tathmini ya wafanyakazi ya mwisho wa mwaka. Nimemwomba tusifanye hivyo.

Nilimweleza hivi. Mwaka 1975 mchumi Mwingereza Charles Goodhart, akizungumzia sera ya fedha, alionya kwamba uhusiano wa takwimu unaoonekana leo huelekea kuvunjika pale unapoanza kutumiwa kama usukani. Kwetu itatokea ndani ya mwezi mmoja. Saa zinaandikwa na aliyejaribu mwenyewe, kwa uaminifu, kwa sababu hazimpi wala hazimnyimi kitu. Zikianza kuwa mshahara, jaribio la dakika kumi litakuwa la saa mbili, na yule anayejaribu haraka kwa sababu anaujua mfumo ataonekana mvivu. Tutapoteza macho tuliyonayo sasa, na tutakuwa tumewafundisha watu wema kudanganya.

"Sasa mimi nitajuaje nani anastahili?" aliuliza.

Nikamwambia, Mkurugenzi, kaa na kiongozi wa timu, kaa na dada, soma tiketi ya ritifaa. Alikubali. Mstari wa kwanza wa taarifa sasa unasomeka: Taarifa hii inapima kazi ilivyogawanyika, haitumiki kumpima mtu. Nimemwomba auweke sahihi yake chini ya mstari huo, na ameiweka.

Wiki ya tatu, Jumanne

Saa za kazi hazionyeshi kusubiri, na kusubiri ndiko kunakowaumiza vyama. Tiketi inaweza kuchukua saa moja kujaribiwa na ikakaa kwenye safu wiki nzima.

Kwa hili nimetumia kanuni ya foleni ya Mmarekani John Little, aliyoithibitisha mwaka 1961: wastani wa vilivyomo ni sawa na kasi ya kuingia mara wastani wa muda wa kukaa. Chukua mfano wa safu yenye tiketi 12, na tiketi 3 zinatoka kila siku. Mpya itakaa siku 4, kwa wastani. Waandishi wakiongeza kasi na safu ikafika 24 huku zinatoka zile zile 3, itakaa siku 8. Kwa maneno mengine, kila tulipowahimiza waandishi wamalize haraka, tulikuwa tunarefusha foleni ya dada. Nimelichora hili ubaoni mbele ya wote, na mjadala ulikuwa mkali na mzuri.

Tumekubaliana safu ya majaribio iwe na ukomo. Ikijaa, mwandishi haanzi kitu kipya. Anachukua jaribio la mwenzake.

Kaka wa malipo alipinga, na sababu yake ina uzito. "Mimi nikijaribu, najaribu kama mwandishi. Naona kinachotakiwa kutokea. Dada anaona kinachoweza kutokea." Ni kweli, na ni heshima kubwa kwa kazi ya dada kusemwa hivyo mbele ya timu. Tumepanga basi kila mtu ajaribu eneo asilolijua: wa malipo ajaribu ripoti, mimi wa ripoti nijaribu malipo, wa programu za simu wajaribu kufunga vitabu wakiwa na binti wa huduma kwa wateja pembeni.

Alhamisi

Kaka wa malipo amekaa na ripoti za mwezi akitumia wanachama wa kubuni. Akilini mwake malipo huingia muda wowote, usiku kwa mchana, kwa hiyo akaweka rejesho la saa nane usiku, tarehe mosi. Ripoti ya mwezi uliopita ikalichukua.

Seva inahifadhi saa kwa UTC, saa rejea ya dunia nzima, nasi tuko saa tatu mbele. Saa nane usiku ya tarehe mosi hapa Dar es Salaam ni saa tano usiku ya siku iliyotangulia kwenye seva. Sehemu moja ya ripoti ilikuwa inachuja kwa tarehe ya seva bila kubadilisha. Kila kilichoingia kati ya saa sita usiku na saa tisa alfajiri ya tarehe mosi kingehesabiwa mwezi ambao sio wake, na mhasibu wa chama angebaki anatafuta kwa nini vitabu havilingani na taarifa ya mtandao wa simu. Kwa kweli watu hulipa usiku: walinzi, wauguzi wa zamu, madereva wa malori.

Dada alifurahi kuliko sote. "Mimi nimekuwa najaribu saa za kazi," alisema. "Huyu kaja na saa zake."

Nimeandika kwenye taarifa, sehemu ya maelezo, kwa sababu hili halikuwa lengo letu la mwanzo. Tulitaka kumpunguzia mtu mmoja mzigo. Tumepata pia jicho la pili mahali ambapo palikuwa na jicho moja tu.

Wiki ya nne, Jumatano

Toleo limetoka. Malipo ya shilingi 1,000 asubuhi yamefanywa na watu wawili, kwa laini za kampuni, mitandao minne. Laini ya tano bado iko kwenye usajili, na seli zake kwenye jedwali zilijazwa na dada kwa laini yake, kwa ridhaa yake. Amesema ni mara ya mwisho na nimeiandika hivyo.

Taarifa yenyewe imetulia kwenye ukurasa mmoja. Juu kuna sehemu ya anayebeba zaidi, kwa saa. Imeshuka, ingawa bado ni dada na nadhani itabaki dada, kwa kuwa ndiye anayejua zaidi. Kisha majina yote. Kisha safu za kinachohitajika na wangapi wanacho, ambazo ndizo ninazowaomba watu waanze nazo kusoma. Kisha muda wa kusubiri kwenye safu. Mwisho ni seli zilizobaki tupu siku ya kutoka, kila moja na sababu yake kwa sentensi moja.

Binafsi sijaridhika na kufunga vitabu. Wanachama wa kubuni wametusaidia, waandishi wamejifunza, lakini penye masharti ya chama yanayogongana bado ni watu wawili tu wanaoweza kusema jibu sahihi ni lipi, na mmoja wao anatufanyia kazi hii juu ya kazi yake nyingine bila kutajwa popote. Jina lake limo mara nyingi zaidi kwenye mistari ya Tested-by ya toleo hili kuliko majina ya waandishi watatu.

Jioni hii nimempelekea mkurugenzi ukurasa huo pamoja na ombi, kiongozi wa timu akiwa ameshakubali: kabla hatujatangaza nafasi ya testa wa pili nje, binti wa huduma kwa wateja aulizwe kama anataka kuhamia majaribio, kwa mkataba wenye cheo hicho na mshahara wake, na mtu mwingine aajiriwe kupokea simu. Dada amejitolea kumfundisha kuandika majaribio ya kiotomatiki. Kikao ni Ijumaa saa nne.